Wanafunzi wa meno, anzeni kwenye mizani ya watoto

Nikiwa mwanafunzi wa udaktari wa meno nilipelekwa mazoezini katika kituo kimoja cha afya nje kidogo ya Kisumu, pamoja na wanafunzi wa uuguzi, utabibu na afya ya umma. Wiki ya kwanza kila kundi lilijitenga. Sisi wa meno tulikuwa na chumba chetu mwisho wa baraza, wala sikuona sababu ya kutoka humo.

Siku ya nne akaja mama na bintiye wa miaka mitano aliyeumwa na gego. Nilipommulika kinywani nikakuta chonge mbili za chini hazipo, na ufizi ulikuwa umepona zamani. Nikajua alipokuwa mchanga alitolewa "meno ya plastiki", jina wanalopewa chonge za utotoni zinazong'olewa kwa kudhaniwa huleta ugonjwa. Nikamgombeza mama yule. Nikamtajia pepopunda, kuvuja damu, virusi vya Ukimwi vinavyoweza kupita kwenye kifaa kichafu, na chonge za ukubwani zinazoweza kuota na kasoro au zisiote kabisa. Yote ni kweli. Alinyamaza, akamshika mtoto mkono, akaondoka kabla sijaligusa gego lililomleta.

Aliyemkuta langoni ni mwanafunzi wa uuguzi. Walikaa kivulini wakazungumza Kidholuo. Mtoto akiwa na miezi sita aliharisha na kushikwa na homa. Jirani akamfunua ufizi, akaonyesha uvimbe mweupe na kusema ugonjwa umekaa hapo. Uvimbe ule ni chonge za utotoni ambazo hazijatoboa ufizi. Ajuza mmoja akazichokoa. Siku chache baadaye kuhara kukakoma, kama kunavyokoma kwenyewe kwa watoto wengi, na mama akaamini alichokiona kwa macho yake. Hotuba yangu haikuwa na neno hata moja la kujibu hilo.

Jioni tulikaa sote kwa mara ya kwanza. Mimi nilijua jino. Mwanafunzi wa utabibu alijua kuhara: ORS (unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji kurudisha maji mwilini), zinki kwa siku 10 hadi 14, na dalili za mtoto aliyeishiwa maji. Wa afya ya umma akauliza familia ile huteka wapi maji ya kunywa, swali ambalo halikuwa limenipitia akilini. Kisha yule wa uuguzi akasema jambo ambalo sijalisahau. Tangu chanjo ya malaria ianze kutolewa katika kaunti za huku magharibi mwaka 2019, watoto huletwa kliniki wakiwa na miezi 6 na tena miezi 7. Ni umri uleule ufizi unapovimba! Wanapita mikononi mwetu na hakuna anayewafunua mdomo.

Kesho yake niliomba kukaa kwenye mizani, pale wauguzi wanapowapima watoto uzito.

Kwa hiyo ukipelekwa mazoezini, omba asubuhi mbili kwenye meza ya mwenzako kabla hujazoea chumba chako. Usiende na somo la kufundisha. Muulize: akina mama hukuambia nini wasichoniambia mimi? Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2010 kwamba wanafunzi wa taaluma mbalimbali wajifunze kuhusu wenzao, kutoka kwao na pamoja nao. Vyuo vyetu hufanya hilo la "pamoja" kwa kutujaza ukumbi mmoja. La "kutoka kwao" ndilo gumu, maana lazima ukubali kwamba muuguzi wa mwaka wa pili anajua kitu usichokijua.

Nawe mpe kitu kidogo atakachokitumia kesho. Mimi niliwaonyesha wauguzi namna ya kupapasa ufizi kwa kidole safi na kumweleza mama kwamba hilo ni jino lake, linakuja. Wao walinifundisha kuanza na "mtoto alikuwa anaumwa nini?" na kungoja jibu mpaka liishe.

Yule binti alirudi Alhamisi, mama yake akiwa ameandamana na mwanafunzi wa uuguzi, na gego likatibiwa.

Wiki ya mwisho, mama mwenye mtoto wa miezi saba alinionyesha ufizi mwenyewe pale kwenye mizani. Mtoto alikuwa anaharisha tangu juzi. Nikamwita mwanafunzi wa utabibu, tukamsikiliza pamoja. Aliondoka na ORS na zinki, chonge zote nne zikiwa ndani ya ufizi.