Kumwombea kitindamimba kwa jina lake

Samweli alipofika kwa Yese kumpaka mafuta mfalme mpya, wana saba walipitishwa mbele yake. Wa nane, Daudi, mdogo wao wote, hakuitwa kabisa. Alikuwa malishoni na kondoo, na ilibidi nabii aulize kama watoto wameisha (1 Samweli 16:10-11). Wazazi wanaomwombea kitindamimba huanguka hapo hapo. Mkubwa ana mtihani, wa kati anakohoa, na sala ya usiku inapomfikia mdogo maneno yamekwisha. Anaingizwa ndani ya "na watoto wote, Bwana" na taa inazimwa.

Ayubu alifanya tofauti. Aliamka asubuhi na mapema akatoa sadaka kwa hesabu ya watoto wake wote (Ayubu 1:5). Basi mtajeni mdogo kwa jina kila siku, na angalau siku moja kwa wiki sala ianze na yeye kabla ya wakubwa wake. Dakika tatu zinatosha. Mtoto wa miaka minne akishikiliwa kwa dakika kumi hujifunza kwamba sala ni adhabu.

Piga magoti au keti chini ili uso wako ulingane na wake. Muulize: "Leo tumwambie Mungu nini?" Kisha nyamaza. Kimya hicho ndicho kigumu, kwa sababu kitindamimba amezoea kusemewa: dada anajibu, kaka anasahihisha, mama anamalizia. Wazuieni. Akisema anaogopa giza, hilo ndilo ombi la kwanza, hata kama wewe ulikuwa na jambo kubwa zaidi. Weka mkono kichwani pake pole pole, kama Yesu alivyowakumbatia watoto, akaweka mikono juu yao na kuwabariki (Marko 10:16), uombe kwa sentensi fupi:

"Baba wa mbinguni, asante kwa ajili ya (jina). Ulimjua kabla sisi hatujamjua. Anaogopa giza; kaa naye usiku huu. Mpe moyo wa kukupenda, na ujasiri wa kusema kweli hata mbele ya wakubwa wake. Tusaidie tusimdekeze tukamharibu, wala tusimpuuze kwa sababu tumechoka. Mwongoze katika kazi uliyomwekea yeye. Kwa jina la Yesu, Amina."

Usiku ambao umechoka kweli kweli, baraka ya Hesabu 6:24-26 peke yake yatosha: "BWANA akubarikie, na kukulinda..." Haimalizi hata nusu dakika, na mtoto ataishika kwa moyo.

Sasa angalia unachoomba, maana mtoto anasikia. Raheli, mke wa Yakobo, akikata roho katika kumzaa kitindamimba wao alimwita mwanawe Benoni, mwana wa uchungu wangu. Yakobo akambadilishia jina akamwita Benyamini (Mwanzo 35:18). Kama ujauzito ulikuwa mgumu au haukutarajiwa, mshukuruni Mungu faraghani kwa kuwavusha. Mtoto akisikia kila usiku kwamba alikuja bila kutazamiwa, atajiona mgeni kwenu.

Yakobo huyo huyo, baada ya kuamini mwanawe Yusufu, kaka yake Benyamini, amekufa, alimzuia Benyamini asishuke Misri hata njaa ilipowabana. Tunamwelewa. Mzazi anayeona nyumba inaanza kuwa tupu huomba, "Bwana, huyu asiniache." Sala hiyo ni ya mzazi, mpelekee Mungu ukiwa peke yako. Ya mtoto iwe kwamba ajue kusimama, kuchagua rafiki, kuomba msamaha, kumaliza alichokianza. Na akishakuwa mtu mzima, ndugu wote wameondoka na yeye ndiye amebaki na wazee, ombeni apate nguvu, kisha wakubwa wagawane naye mzigo. Kumwombea tu na kumwachia kazi yote si haki.

Acheni pia "awe kama kaka yake". Na ndugu wanapomwombea, kila mmoja aseme sentensi moja ya heri. "Mungu, msaidie aache kuvunja vitu vyangu" ni mashitaka yaliyofumba macho. Ugomvi huo usuluhishwe kabla ya sala. Ndugu hubadilika: Yuda, kaka yao, aliyetoa shauri Yusufu auzwe, ndiye baadaye aliyejitoa abaki mtumwa badala ya Benyamini (Mwanzo 44:33).

Akiumwa, ombeni njiani mkimpeleka kwa daktari, wala msingoje sala iishe.

Mwisho mpeni zamu yake. Aombee wengine, kwa maneno yake, bila kuongozwa neno kwa neno. Akimtaja paka kabla ya kaka zake, mwacheni amalize.