Jibu: moyo kwenda mbio huku vipimo vyote vikiwa safi

Ndugu yangu, umesema moyo unakwenda mbio usiku na vidole vinakufa ganzi ilhali vipimo vya moyo vimetoka safi mara mbili, na unauliza kama kuna faida yoyote ya kumwona mwanasaikolojia ambaye, kwa maneno yako, atapiga soga tu. Nami niliwahi kuuliza hivyo hivyo.

Kwangu wahka ulianzia ndani ya daladala ya Mbagala, karibu na Mtongani, nilipoamini kabisa kwamba ninakata roho. Nilishuka, nikapata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo iliyoniponza, kwa maana kila nilipoikwepa daladala hofu ilizidi kuota mizizi, mpaka nikawa siwezi kupanga foleni benki wala kukaa kwa kinyozi.

Daktari alinipima moyo na tezi ya shingo (tezi hiyo ikizidisha kazi huleta dalili zinazofanana na hizi, kwa hiyo usikiruke kipimo chake), kisha akaniandikia rufaa ya kliniki ya afya ya akili. Karatasi ile niliificha miezi miwili, maana mtaani kwetu kuambiwa "unafaa Mirembe", yaani hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko Dodoma, ni tusi.

Soga sikuikuta. Katika kikao cha pili mwanasaikolojia aliniagiza nipumue haraka haraka kwa dakika moja nikiwa nimeketi mbele yake, na vidole vikafa ganzi vile vile kama siku ile ya Mtongani. Akanieleza kwamba anayehema kupita kiasi hutoa kaboni dayoksaidi nyingi, kiwango chake katika damu hushuka, na ndipo ganzi na kizunguzungu hutokea bila moyo kuwa na kasoro yoyote. Mwenye pumu asijaribu zoezi hilo peke yake.

Kazi ngumu ilikuwa ya nje ya kliniki: kupanda daladala kituo kimoja, baadaye viwili, na kutoshuka mpaka hofu ipungue yenyewe. Kabla ya safari niliandika daftarini ninachokiogopa, na nikirudi niliandika kilichotokea. Neno "nitazimia" limo humo mara 11. Sikuzimia hata mara moja. Daktari aliniongezea vidonge, ambavyo vilichukua wiki kadhaa kufanya kazi na ambavyo havifai kukatishwa ghafla. Sala sikuacha, wala hakuna aliyeniambia niache.

Ukienda, beba majibu ya vipimo, na uulize mapema kama utapewa mazoezi ya kufanya kati ya kikao na kikao. Lakini kifua kikikuuma unapopanda ngazi au kubeba mzigo, rudi kwanza kwa daktari wa moyo.