Anauza kwa bei ninayonunulia: je, huo ni ushindani?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina fremu ya mikoba ya kike Kariakoo. Aliyekuwa akiniuzia mzigo wa jumla, ambaye ni raia wa kigeni, sasa anawauzia wateja wangu mkoba mmoja mmoja, kwa bei ileile ninayonunulia mimi, wala hatoi risiti. Kodi ya pango imeanza kunishinda. Je, nikubali tu kwamba nimezidiwa? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana. Bei ya chini peke yake si kosa; anayeagiza mzigo mkubwa moja kwa moja kutoka kiwandani ana haki ya kuuza kwa bei nafuu kuliko wewe, hata kama inauma. Kinachonitia uchungu ni hiyo risiti. Mkoba wa shilingi 20,000 kabla ya kodi, ukiuzwa na mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18, humfikia mteja kwa 23,600. Asiyetoa risiti, hasa kama mzigo wake ulipita bandarini kwa thamani iliyopunguzwa, anaweza kuuza kwa 22,000 akamfurahisha mteja, na bado akabaki na 2,000 zaidi yako. Hapo hukuzidiwa kwa ustadi wala kwa huduma, bali umeadhibiwa kwa kutii sheria, na ndivyo maduka mengi madogo yanavyokufa: mtaji unaliwa na pango, kisha mkopo unachukuliwa ili kulipa pango lilelile.

Kuhusu uraia wake, Amri iliyotolewa Julai 2025 chini ya Sheria ya Leseni za Biashara inawazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo za jumla na reja reja, ukiacha supamaketi, ingawa aliyekuwa na leseni hai aliruhusiwa kuendelea hadi muda wake uishe. Amri hiyo inamtia hatiani pia Mtanzania anayemsaidia mgeni kuikiuka, na hapa ndipo wengi hunyamaza, kwa kuwa leseni iliyobandikwa ukutani huweza kuwa na jina la mwenzetu aliyekubali kutumiwa kama kivuli.

Suala la leseni lifikishe kwa afisa biashara wa halmashauri, la risiti Mamlaka ya Mapato (TRA), na kama mikoba ina nembo za kughushi, Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia. Kabla hujaenda, kusanya risiti zote za mzigo ulionunua kwake, kwa sababu sheria inamtaka mnunuzi naye adai risiti, na swali hilo utaulizwa wewe kwanza.