Usikate kabla hujapitia vipande: kwa aliyeuliza kuhusu TOF ya ateri za ubongo

Usifute vipande asili, yaani zile picha nyembamba moja moja zinazotoka kwenye mashine. Naanza na hilo kwa sababu nimesoma swali lako kuhusu TOF, kipimo cha MRI kinachoonyesha ateri kwa damu inayotembea, mara 2 na moyo umenienda mbio. Unasema umehamishiwa MRI hapo Arusha, na mkubwa wako wa zamu amekuelekeza hivi: slabu (bonge la kichwa linalopigwa kwa mkupuo mmoja) ichukue duara la Willis tu (pete ya ateri chini ya ubongo), ukimaliza ulitazame kutoka juu, ulizungushie mstari kwa kipanya, ukate kilichobaki, umtumie daktari MIP 12 (picha za muhtasari zinazotengenezwa kutoka kwenye vipande), na kila Ijumaa mfute vipande asili ili diski isijae. Halafu unauliza mkanda wa kuzima vena (eneo linalopigwa mawimbi ili damu ya vena ising'ae) ukae wapi, na ufanyeje na mgonjwa asiyetulia. Mdogo wangu, mkanda utasubiri. Mimi nilifanya hayo hayo hapa Moshi, hatua kwa hatua, na aliyelipa hakuwa mimi.

Alikuwa mama wa Same, miaka 50 na ushei, kisogo kimemuuma kwa miezi. Figo zake zilikuwa zimechoka, kwa hiyo daktari hakutaka apewe gadolini, dawa ya kudungwa inayong'arisha picha. Unajua historia yake: tangu 2006 baadhi ya dawa hizo zilipohusishwa na ugonjwa wa ngozi na viungo kukakamaa kwa watu wenye figo mbovu, kila mtu akawa mwangalifu. TOF haihitaji sindano. Tishu zilizotulia ndani ya slabu zinapigwa mawimbi ya redio mfululizo mpaka zinafifia, ila damu inayoingia ni mpya, haijapigwa, ndiyo maana inang'aa. Mama alilala kimya kama yuko ibadani, slabu 4 zikatoka safi. Sijawahi kupata TOF nzuri kama ile.

Kisha nikakaa kwenye kompyuta ya kuchakata, nikaziharibu mwenyewe.

Nisikilize vizuri hapa, maana ndipo kosa lenyewe lilipo. Unapotazama kutoka juu na kuchora yai kuzunguka duara la Willis, mstari wako hauishii kwenye kile unachokiona. Unashuka wima kupitia vipande vyote hadi chini, kama glasi inavyokata unga wa maandazi. Duara la Willis liko katikati na kwa mbele. Huko chini, vipande zaidi ya 60 chini yake, ateri za vetebra, zinazopanda kutoka nyuma ya shingo, zimekaa nyuma zaidi, na tawi lao PICA linajipinda nyuma na pembeni ya medula (mwisho wa chini wa shina la ubongo) kwenda kwenye serebelamu, ubongo mdogo wa kisogoni. Yai linalolibana Willis vizuri linaiacha PICA nje. Inakatwa pamoja na mafuta ya kichwani, na wewe huoni chochote kwa sababu ukitazama kutoka juu pale paling'aa tu kidogo, kama takataka. Kwa mbele, ateri ya oftalmiki, ile ya jicho, nayo inaweza kuondoka na yai hilo hilo.

Nikakata. MIP zikatoka za kuvutia, zimening'inia kwenye weusi kama mti uliopukutisha majani. Nikatuma hizo tu, maana intaneti yetu siku ile ilikuwa inatambaa na daktari wa radiolojia anasoma akiwa mbali. Akasoma alichopewa. Akaandika kwamba ateri ni za kawaida, na kwa picha alizokuwa nazo alikuwa sahihi kabisa. Ijumaa ikafika, nikafuta vipande.

Wiki 5 baadaye mama yule bado anaumwa. Daktari wake akapiga simu kuomba vipande asili aviangalie mwenyewe. Sikuwa navyo. Ikabidi aitwe tena kutoka Same, nauli tena, siku nyingine ya biashara imekufa, na foleni ile ile. Aliponiona akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, si ulinipiga juzi tu?" Nilishindwa pa kutazama.

Safari hii nilipitia kipande kimoja kimoja. Kushoto, pale PICA inapotoka kwenye vetebra, kilikaa kiputo cha milimita 5. Aneurisimu, yaani ukuta wa ateri uliotuna. Haikuwa imejificha wala haihitaji jicho la ajabu, ilikuwa imekaa pale inang'aa. Nina hakika ilikuwepo hata mara ya kwanza, kwa sababu slabu zangu zilishuka vya kutosha na mgonjwa hakutikisika. Mashine iliiona. Mimi ndiye niliyeikata, kisha nikafuta ushahidi. Wiki 5 mama yule amebeba kitu kinachoweza kupasuka, huku mkononi ana karatasi inayosema yuko salama. Alipewa rufaa Dar es Salaam na akafika salama, namshukuru Mungu kila nikikumbuka.

Sasa kuhusu huyo anayewafundisha watu kuzungushia yai. Sisi tulifundishwa na mkufunzi aliyekuja na mashine. Alikaa siku 4, moja ikaliwa na umeme. Alituambia kwa sauti ya kujiamini kwamba madaktari hawana muda wa vipande, wanataka picha inayopendeza. Sentensi hiyo ilinikera baadaye kuliko makosa yote ya mashine. Hakutuambia MIP ni kitu gani hasa. MIP, katika kila mstari wa kutazama, inachukua pikseli moja inayong'aa kuliko zote na kutupa nyingine zote. Ni kama picha ya harusi: wote wamependeza, lakini haikuonyeshi nani kazuiwa getini. Ateri iliyofifia kwa damu ya polepole inamezwa na tishu iliyo nyuma yake, inaonekana imebanwa au haipo kabisa. Pale karotidi, ateri kubwa inayopanda kutoka shingoni, inapojikunja, damu inayozunguka ovyo inapoteza mwanga, na MIP inakuchorea mbano ambao haupo. Kinyume chake, damu iliyovuja siku kadhaa zilizopita inang'aa kwa sababu ya methemoglobini (hemoglobini iliyobadilika damu ikikaa), na kwenye MIP inaweza kusimama kama ateri. Yote hayo unayatambua kwenye vipande asili. Kwenye MIP peke yake unakisia.

Kwa hiyo mimi nafanya hivi, na wenzangu wa zamu wananiita Mzee wa Vipande, jina ninalolipenda. Napitia vipande vyote kuanzia chini kwenda juu kabla sijagusa kipanya kwa ajili ya kukata. Nikikata, nakata mafuta ya nje tu, kwa upana, na nageuza nitazame ubavuni kuhakikisha sijang'oa kitu. Nikitaka karotidi ya kulia, ya kushoto na mfumo wa nyuma kila mmoja peke yake, hizo ni picha za nyongeza, na MIP nzima isiyokatwa inakwenda nazo. Vipande asili vinatumwa hata kama itachukua saa nzima.

Upangaji nitaugusa tu. Willis peke yake haitoshi: anza chini ya tundu kubwa la fuvu, maana PICA nyingine huanzia huko, panda mpaka juu ya kopasi kalosumu, daraja linalounganisha nusu mbili za ubongo. Slabu nyembamba kadhaa zinazopandana kwa robo hivi ni bora kuliko moja nene, kwani damu ikisafiri mbali ndani ya slabu nayo inafifia. Mkanda wa kuzima unakaa juu ya slabu, kwa kuwa vena zinashuka kutoka kichwani; ukiuweka chini unazima ateri zenyewe.

Umesema Ijumaa ndiyo siku yenu ya kufuta, na leo ni Jumatano. Nenda kwa anayeshika diski, mwombe azuie ufutaji wa wiki hii, kisha fungua TOF zote ulizokata tangu uanze na upitie sehemu ya chini ya kila moja, nyuma ya medula, kulia na kushoto. Ukikuta kitu usichokielewa, mpigie daktari wa radiolojia usiku huo huo.