Re: Prius inakunywa maji, nibadilishe injini au niifungue hii?

Habari ndugu. Nimekuelewa: Prius yako ya 2011 inatikisika ukiwasha asubuhi, maji yanapungua wala hayavuji nje, na fundi anataka uweke injini nyingine badala ya kuifungua hii.

Kwanza, iliwahi kuchemka? Yangu niliisimamisha mapema. Plagi ya silinda ya kwanza ilitoka imelowa, nyeupe kama imeoshwa. Zile tatu zilikuwa za kahawia. Hapo ni gasketi ya silinda hedi, ile inayozuia maji yasiingie kwenye silinda. Tulishusha silinda hedi, ikapimwa kwa rula ya chuma kuona kama imepinda, ikasawazishwa kidogo kwa mashine, ikarudi na bolti mpya. Gari ikatulia. Kama yako ilichemka mpaka ikazima, au oili imekuwa chai ya maziwa na vyuma vinagonga, usipoteze hela kufungua. Tafuta injini.

Ila hili nakuomba usiliache. Kwenye injini hizi za Prius yako, 2ZR-FXE, kipozeo cha EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya injini) huziba kwa masizi, na injini ya mtumba huja na masizi yake. Kisafishwe pamoja na vijia vya manifoldi, bomba linalogawa hewa kwenye silinda, injini ikiwa bado chini, maana ikishafungwa hakuna fundi atakayekubali kurudi huko nyuma. Pampu ya maji, ile ya umeme, nayo ijaribiwe.

Ukibadilisha, namba mpya ya injini ikaandikwe kwenye kadi ya gari.