Barua kwa Mwanangu Aliyeniuliza Kama Agombee Uenyekiti wa Kijiji

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na sisi huku Kilosa tu wazima. Umeniuliza kama ugombee uenyekiti wa kijiji chetu uchaguzi utakapofika mwaka 2029, na kama ingekuwa busara ubaki kwanza Morogoro mjini ukusanye fedha za kampeni ndipo urudi. Hilo la fedha nalijibu mwanzo kwa sababu halina uzito mkubwa. Usizisubiri. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2024 kampeni zilidumu siku saba tu, kuanzia tarehe 20 hadi 26 Novemba, na tarehe 27 watu wakapiga kura. Katika kijiji ambacho kila mtu anajua umezaliwa nyumba ipi, siku saba za vipaza sauti na fulana hazimbadilishi mtu aliyekuangalia kwa miaka. Tena anayegawa sukari na vitenge ili achaguliwe huanza uongozi akiwa na deni, na deni hilo hulipwa kwa mali ya kijiji.

Kinachohitajika kabla ya fedha ni ukaazi. Kanuni zinataka mgombea awe amefikisha umri wa miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe na shughuli halali ya kumwingizia kipato, awe mkazi wa kijiji husika, na awe mwanachama aliyedhaminiwa na chama cha siasa, maana mgombea binafsi bado hana nafasi katika uchaguzi huu. Wewe umri unao, na elimu ya uhasibu unayo zaidi ya wengi walioongoza hapa, lakini mtu anayefika kwa misiba na sikukuu hawezi kusema yeye ni mkazi, hata kama jina la ukoo wake limo katika kila kitongoji. Kuhusu chama sitakuchagulia, kwani huo ni uamuzi wa dhamiri yako. Nitakuambia tu kwamba mara nyingi kazi ngumu huwa katika kupitishwa na chama na kujaza fomu, kabla hata ya siku ya kura. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa kile kilichoelezwa kuwa kasoro za fomu, vyama kadhaa vikajitoa katika uchaguzi, na katika maeneo mengi wananchi hawakupata fursa ya kuchagua. Jambo lile lilinihuzunisha, na linanihuzunisha hadi leo, kwa sababu kijiji ndicho mahali pekee ambapo mpiga kura anamfahamu mgombea kwa matendo yake na si kwa picha yake.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Ninataka ugombee, ila ninataka kwanza ujue uenyekiti ni kazi gani, maana katika barua yako umeandika sana juu ya barabara, zahanati na kisima, na hukuandika hata mara moja juu ya mkutano mkuu wa kijiji.

Mwenyekiti hana mshahara wa serikali, hana fungu la kujenga zahanati, na wala si bosi wa mtendaji wa kijiji, ambaye ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya na ndiye katibu wa vikao. Nguvu aliyonayo ni ya kuongoza vikao viwili. Cha kwanza ni halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe wasiozidi 25, wakiwemo wenyeviti wa vitongoji na wanawake wa viti maalumu. Cha pili, ambacho ndicho kikubwa, ni mkutano mkuu, ambao wajumbe wake ni wakazi wote waliofikisha miaka 18, na ambao unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Katika miaka niliyokaa kwenye halmashauri ya kijiji kwa kiti maalumu niliona kwamba kijiji huanza kuharibika siku mkutano mkuu unapoacha kuitishwa. Mapato na matumizi hayasomwi, kwa hiyo hakuna wa kuuliza fedha za ushuru zilikwenda wapi. Majina ya kaya maskini za kuingizwa katika TASAF, mpango wa serikali wa kuzisaidia kaya hizo, ambayo yalipaswa kutajwa mbele ya watu ili jirani aseme huyu anastahili na huyu ana ng'ombe, huandikwa na watu wachache nyuma ya mlango. Hatimaye huguswa ardhi, na hapo ndipo damu inapoweza kumwagika.

Juu ya ardhi nitakaa kidogo, mwanangu, kwa kuwa wilaya yetu imelipa gharama yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji kama mdhamini anayetunza mali kwa niaba ya wanakijiji, na inakataza halmashauri hiyo kumgawia mtu yeyote ardhi kabla ya mkutano mkuu kutoa idhini. Kipengele hicho kimoja kingefuatwa kila mahali, nusu ya kesi zinazowachosha wazee mabarazani zisingekuwapo. Hapa kwetu kuna familia zinazodai mahame yao ya kabla ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliyowahamishia watu katika vijiji vya pamoja, kuna wakulima waliofuata maji ya mto, kuna wafugaji waliokuja na mifugo yao wakiwa na haki ya kuishi kama watu wengine, na kuna mashamba makubwa ya mkonge yaliyotelekezwa, ambayo hati za baadhi yake zilifutwa na Rais ili ardhi irudi kwa wananchi. Wote hao wanatazama eneo lile lile. Mwezi Desemba mwaka 2000 wewe ulikuwa mdogo, lakini sisi wakubwa hatujasahau kwamba katika eneo la Rudewa, wilayani humu humu, watu zaidi ya 30 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Sisemi kwamba mwenyekiti mmoja angeyazuia. Ninasema kwamba mwenyekiti anayempokelea mgeni fedha usiku na kumwonyesha pa kulishia, kisha asubuhi akakaa kimya mbele ya wenye mashamba, anapanda ugomvi ambao hatakuwapo siku ya kuuvuna.

Kwa hiyo mtu akiniuliza mwenyekiti bora ni yupi, nitamjibu kwamba ni yule anayeitisha mkutano mkuu kila robo mwaka, hata katika msimu ambao ajenda zinamuumiza yeye mwenyewe, na anayehakikisha muhtasari wa kikao kilichopita unasomwa hadi mwisho. Barabara na kisima utavipigania, lakini utavipigania kwa muhtasari ulio na saini na mihuri, kwa sababu diwani na halmashauri ya wilaya hawana jinsi ya kulipatia uzito ombi lisilo na uamuzi wa kikao nyuma yake.

Umeuliza pia kama watamsikiliza mwanamke ambaye bado ni kijana. Baadhi hawatakusikiliza mwanzoni, na wapo watakaosema nafasi yako ni viti maalumu. Usivionee haya viti hivyo, kwani nimevikalia na kupitia kwavyo nilizuia mambo mabaya, lakini si mpaka wa mwanamke kufika. Wanawake ndio wanaojaa kwenye mikutano yetu, wanakaa kwenye majani upande wa kushoto, na wanazijua habari za mipaka ya mashamba kuliko waume zao kwa sababu ndio wanaoyalima. Ukizungumza nao kwa heshima na bila haraka, ukamwamkia kila mzee kabla ya kutaja jambo lako, ukatoa hesabu zako polepole kwa Kiswahili cha kila siku, watakusikiliza. Uhasibu wako utakufaa hapo zaidi ya hotuba yoyote.

Ushauri wangu ni kwamba usianze na fomu. Rudi mapema, ulime, uishi nasi, uhudhurie kila mkutano wa kitongoji na kila mkutano mkuu, na inapofika ajenda ya mapato na matumizi usimame uulize kwa adabu. Ukiombwa kuingia katika kamati ya fedha na mipango, kubali. Jiandikishe kwenye orodha ya wapiga kura ya kitongoji chetu wakati utakapofika, kwa sababu orodha ya uchaguzi huu ni tofauti na lile daftari la kudumu la uchaguzi mkuu, na kadi uliyopigia kura mjini haitakusaidia.

Limebaki jambo moja ambalo hukuligusa, nami nadhani unalijua. Baba yako mdogo analima ndani ya eneo ambalo mkutano mkuu ulilitenga kwa malisho na njia ya mifugo kwenda mtoni. Ameongeza ekari kila msimu, na watu wamenyamaza kwa kumheshimu marehemu babu yako. Siku utakapokalia kiti, wafugaji wataleta shauri hilo kabla ya lingine lolote, na kijiji kizima kitakuja kusikia utakavyolimaliza. Nakuomba uje uzungumze naye sasa, ukiwa mwana wake tu na si mgombea, mkiwa na mimi na shangazi yako, ili ajue mapema kwamba ukichaguliwa utamtaka arudi kwenye mpaka wake wa awali. Akikubali, nitakwenda mimi mwenyewe kuwaambia wazee kwamba unagombea. Akikataa nawe ukaona huwezi kulisema neno hilo mbele ya mkutano, basi niandikie kwa uwazi, na tutamtafuta mtu mwingine wa kumuunga mkono mwaka 2029.

Mtendaji ametangaza kwamba mkutano mkuu utakuwa baada ya palizi. Nijulishe kama utapata ruhusa kazini.

Wako akupendaye,
Mama