Barua kwa mwanangu: funga kitabu, unitajie

Assalaam aleikum mwanangu,

Sauti uliyonitumia jana usiku nimeisikiza mara tatu, ya mwisho nikiwa barazani baada ya alfajiri, punda wa jirani washaanza kupita na mchanga wa ujenzi. Umeniuliza hivi: mama, nasoma kurasa arubaini kila usiku, napiga mistari kwa kalamu ya rangi mpaka kitabu kimegeuka leso, asubuhi nikiamka najikuta sina kitu, na wenzangu wana vifupisho vyao na nyimbo zao za kukumbukia, sasa mimi nikitumia hizo hila si ni kujidanganya tu, daktari si anatakiwa aelewe? Halafu ukamalizia kwa sauti ya chini kwamba pengine kichwa chako hakikuumbiwa udaktari.

Hilo la mwisho silikubali hata kidogo. Mimi mwaka 1989 nikiwa mwanafunzi wa unesi nilianguka mtihani wa mifupa, mifupa mitupu, na nilikuwa nimesoma zile notsi mara kumi na kitu, kila ukurasa nauona machoni, naijua hadi doa la chai liko wapi. Nilipopewa karatasi nyeupe nikaambiwa andika, doa la chai nililikumbuka, mifupa sikuikumbuka. Nililia sana, nikarudi Lamu likizo nikamwambia babu yako kama unavyoniambia wewe leo, kichwa changu kibovu. Na babu yako ujue alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, watoto wamepita mkononi mwake miaka na miaka, akaniuliza swali moja tu, hivo unavyosoma, kitabu huwa kiko wazi au kimefungwa? Nikasema wazi, si ndiyo kusoma. Akasema hapo ndipo ulipopotea.

Kumbuka chuoni wewe mwenyewe ulivosomeshwa. Mwalimu hakukuachia uangalie ubao mchana kutwa. Unasoma mara chache, ubao unageuzwa, unatoa kwa mdomo, ukikwama anakutupia neno moja unaendelea, na kesho yake kabla ya kupewa aya mpya unaanza na ya jana, na Alhamisi unarudi na za wiki nzima. Hakuna mtoto aliyehifadhi juzuu kwa kuziangalia. Kumbukumbu inajengwa pale unapojikamua kukitoa kitu kilichokuwa kinataka kupotea, na kule kujikamua, kule kuumwa kichwa kidogo, usikuogope, manake ndiyo kazi yenyewe inafanyika.

Na hii si ya wazee wa Amu, Lamu yetu hii, peke yao. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana akachapisha mwaka 1885, akaona tunasahau kwa kasi sana mwanzoni halafu kasi inapungua, na kwamba kurudia kwa kupisha siku kunashika kuliko kurudia mfululizo siku moja. Halafu mwaka 2006 Wamarekani wawili, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wakawapa wanafunzi maandishi, wengine wakarudia kuyasoma, wengine wakafunga wakaandika wanachokumbuka. Wakipimwa baada ya dakika tano waliorudia kusoma wanashinda. Wakipimwa baada ya wiki, waliojikamua ndio wanaoshinda. Ndiyo hali yako hasa mwanangu, usiku unaona umeshika, asubuhi hakuna. Rangi zile kitabuni zinakufanya ukizoee kitabu, na kukizoea kitu si kukijua.

Sasa twende kwa hila zenyewe, na mimi nakwambia zitumie bila aibu. Hila ni mpini tu. Jembe bila mpini hulishiki, na mpini bila jembe haulimi.

Chukua mifupa minane ya kifundo cha mkono, hapo kwenye saa yako. Ile ya Kiingereza wanayoimba wenzako ina utovu wa adabu, mimi nikajitungia yangu na hata leo iko: Shangazi leo tunakula pweza, tui tele, chumvi haba. Maneno manane, mifupa minane, kuanzia upande wa gumba: skafoidi, lunati, trikwetramu, pisifomu, hiyo safu ya kwanza, kisha unarudi upande wa gumba tena, trapeziamu, trapezoidi, kapiteti ambayo kitabuni inaandikwa kwa c ndiyo chumvi, na hamati. Zile mbili zinazofanana usizichanganye, trapeziamu ina m na gumba ina m, basi ndiyo inayokaa chini ya gumba.

Lakini usiishie kwenye herufi, nakuomba. Herufi bila picha siku moja zitakuacha umesimama na T mbili mkononi hujui ni nani ni nani. Uliza majina yana maana gani. Skafoidi ni mashua, ndivyo Wagiriki walivyoita. Lunati ni mwezi mwandamo. Trikwetramu ni pembe tatu, na wewe umekulia Amu, pembe tatu gani unaijua kuliko tanga? Pisifomu ni njegere, iguse hapo upande wa kidole cha mwisho, kigololi kinacheza chini ya ngozi. Hamati ni ndoana, na kweli ina kijindoana chake. Mashua, mwezi, tanga, ndoana, mwanangu, bahari yote ya Shela iko hapo mkononi mwako! Siku nilipoligundua hilo nilimkimbilia babu yako barazani kumwonyesha.

Na mashua hiyo usiisahau maisha. Nilikuwa mgeni kazini, hospitali siitaji, akaletwa kijana ameanguka kutoka kwa punda, akajikinga kwa kiganja. Eksrei ikatoka safi, akaambiwa ametenguka, akapewa dawa za maumivu aende. Mimi nilikuwa nimemshika mkono, nikambonyeza kile kishimo kinachotokea ukinyoosha gumba juu, akaruka. Nilikuwa najua kishimo kile chini yake kuna nini, nilikuwa najua skafoidi ikivunjika eksrei ya kwanza inaweza isionyeshe kitu, unafunga mkono kama umevunjika kisha unapiga tena baada ya siku kumi hadi kumi na nne. Sikusema. Niliona mimi ni nani mbele ya daktari. Miezi baadaye nikamwona sokoni anashindwa kuinua birika kwa mkono ule, mfupa haukuunga, manake damu ya mfupa huo inaingilia upande wa mbali, ukikatika katikati kipande cha karibu kinabaki na njaa. Mpaka leo nikipita pale sokoni namkumbuka. Kwa hiyo ukiniuliza kama kukariri ni kujidanganya, mimi nakwambia siku ile nilikumbuka, na kukumbuka kulikuwa kumwokoe kijana yule mkono lau ningefungua mdomo. Wewe ukikumbuka, sema.

Ya pili ni nyumba. Husimuliwa Mgiriki wa kale aitwaye Simonides alitoka kwenye karamu paa likaanguka nyuma yake, akawatambua waliokufa kwa kukumbuka kila mtu alikuwa amekaa wapi, na tangu hapo watu wakajua akili inashika mahali kuliko maneno. Basi neva kumi na mbili za kichwa, mishipa ya fahamu hiyo, ziweke nyumbani kwa bibi yako, unaijua hata gizani. Unafika dakani, pale kibarazani mlangoni, harufu ya asumini inakupiga, hiyo nambari 1, kunusa. Unatazama nakshi za mlango, 2, kuona. Unaingia kiwandani, ule ua wa ndani, mwanga unakuja kutoka juu, unafungua kope na kuinua jicho, 3. Sasa uko kwenye ngazi unashuka, unaangalia chini usikanyage vibaya, hiyo 4, troklea, na ni kweli mgonjwa wa neva hiyo shida yake kubwa ni kushuka ngazi. Msana wa tini, ukumbi wa chini, bibi yako anatafuna tambuu huku anajipangusa uso, 5, kutafuna na hisia ya uso. Anatupa jicho pembeni kuona nani ameingia, 6. Anacheka, 7. Adhana inasikika, anasimama na kizunguzungu chake kidogo, 8, masikio na mizani ya mwili. Anameza kahawa chungu, uchungu unabaki nyuma ya ulimi, 9. Nambari 10 ni vagasi, jina lake maana yake mtangatangaji, na kweli haitulii nyumba moja, iachie izurure vyumba vyote mpaka moyoni na tumboni. Ndani kabisa, mbele ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, unamuuliza bibi funguo ziko wapi anapandisha mabega, 11. Na ile 12, ulimi, mtoto wa kakako anautoa nje kukukejeli.

Tembea nyumba hiyo ukiwa kwenye matatu, ukiwa kwenye foleni ya chakula, nenda mbele na urudi nyuma. Halafu kila kituo kiwekee mgonjwa mmoja. Pale kwenye 7, mwekee mzee uso umempinda upande mmoja, mwambie akunje paji la uso. Paji upande ule likikataa, neva yenyewe imeumia. Paji likikunjika vizuri na mdomo tu ndio umepinda na kuanguka, fikiria kiharusi upesi, manake paji linaletewa amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Pale kwenye 12, mwambie atoe ulimi, neva ikifa ulimi unaelekea upande ule uliolegea. Hapo hila na kuelewa vishakuwa kitu kimoja, na wale wanaokwambia daktari anaelewa hakariri waambie waelewe paji la uso bila kujua 7 ni nani.

Ya tatu ni utenzi, na hapa sisi tumetangulia, mizani nane na kina vinajishikia vyenyewe, neno likipotea mizani inakwambia limepotea. Neva inayoendesha kiwambo cha pumzi inatoka shingoni pingili ya 3, ya 4 na ya 5, nikatunga:

Tatu na nne na tano,
shingoni ni mapatano,
wala hazina shindano,
pumzi huipeleka.

Ukipata mtu ameruka bahari ikiwa imekupwa akagonga kichwa chini, ubeti huo utakwambia uangalie kifua kinapanda au la. Tunga zako, usichukue zangu tu, manake ya kujitungia inakaa kuliko ya kupewa.

Kuhusu zile kadi za swali na jibu, uliuliza ninunue au vipi, usinunue. Anki, programu ya kadi hizo, ni bure kwenye kompyuta na kwenye simu yako hiyo ya Android, inakuletea kadi siku unapokaribia kusahau. Au kata karatasi uweke kwenye boksi la viatu, mgao wa kila siku, wa wiki, wa mwezi, uliyoikosa inarudi mwanzo. Swali moja jibu moja, fupi. Ila usipakue makadi elfu ya mtu mwingine ukajaza simu, utakuwa unasoma usahaulifu wa mwenzako.

Kitu kimoja nataka ukijue kwa karibu. Virginia Apgar, daktari wa usingizi huko Marekani, alileta alama zake za kupima hali ya mtoto mchanga mwaka 1952, vitu vitano, kila kimoja sufuri mpaka mbili, na baadaye wengine wakaligawa jina lake liwe ukumbusho wa maneno ya Kiingereza: A rangi, P mapigo, G kukunja uso, A viungo, R kupumua. Usiku mmoja stima imepotea, nashika tochi kwa meno, mtoto ametoka amelegea kama leso mbichi. Sikutaja herufi. Mkono ulikuwa unamkausha huku jicho linasoma, rangi buluu, mapigo chini ya mia, na mashine ya kumpulizia hewa ishaanza kazi, manake msaada haungoji alama. Dakika ya kwanza tatu. Dakika ya tano nane, analia, mamake analia, na mimi nalia. Herufi nilizikumbuka nilipokaa kuandika. Nilikuwa nimezitaja mara nyingi kabla, kitabu kimefungwa, mpaka zikahamia mkononi.

Dozi usiamini kichwa chako kamwe. Hata baada ya miaka yote kazini mimi dozi ya mtoto nilikuwa naangalia kitabuni na kumwomba mwenzangu ahesabu tena. Hapo kumbukumbu ninayotaka uwe nayo ni ya vidole vitano: mgonjwa ni huyu, dawa ni hii, kiasi ni hiki, njia ni hii, wakati ni huu.

Na ulale, mamangu. Ubongo unapanga ya mchana ukiwa usingizini, ukikesha unaitupa kazi yako mwenyewe. Nimesikia kwa sauti yako hulali.

Kurasa arubaini punguza ziwe kumi na tano, ukimaliza kila tatu funga kitabu, andika kwenye karatasi tupu ulichobakiwa nacho, kisha ufungue uone ulichoruka, hicho ndicho utakachokiandikia kadi. Nimekutumia mahamri na achari ya embe kwa basi la Mombasa, yatakufikia kesho jioni, mgawie na yule mwenzako wa chumbani.

Alhamisi baada ya isha nipigie. Kitabu kiwe kimefungwa, nami nitakuanzishia nyumba ya bibi kutoka nambari 12 kurudi dakani.

Mamako
Amu